Katekista Aliyeruka Badala ya Kompyuta

Katekista alijua kuanguka. Wengine hujua kuimba, wengine hujua kuchinja mbuzi bila kumtesa. Yeye alijua kuanguka. Kila Ijumaa Kuu, katika Njia ya Msalaba iliyotoka shuleni hadi kwenye kigango chao nje kidogo ya Butiama, yeye ndiye aliyebeba msalaba, na alipofika mahali pa kuanguka hakupiga magoti taratibu kama waigizaji wa parokia za mjini, wanaochungulia kwanza kama hakuna kinyesi cha ng'ombe. Alianguka. Msalaba ulimfuata mgongoni, vumbi likapanda, kina mama wakalia kwa sauti. Mara ya tatu alikwenda kifudifudi, mikono yake ikiwa nyuma.

"Nikitanguliza mikono," aliniambia, "nitakuwa nimeitegea kazi ya Bwana."

Mimi nilisimama pembeni, mtu mzima mwenye shahada, mwandishi wa tasnifu nene kuhusu shujaa katika fasihi simulizi, tasnifu ambayo hadi leo imesomwa na watu wawili, mmoja wao akiwa mimi. Niliguswa sana. Nilifikiri: siku moja nitamtumia huyu. Hilo ndilo neno lililonijia, kumtumia, na wakati ule sikuliona ubaya wowote.

Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye shati moja jeupe alilolipiga pasi hata lilipokuwa halijakauka. Alikula samaki akianzia kichwani, na hakupenda mtu azungumze mpaka amalize jicho. Hakuvumilia kutia chumvi. Ukimwambia watu walijaa kanisani, aliuliza walijaa hadi wapi, mlangoni au nje? Lakini mtu huyohuyo, akisimulia kamongo aliyewahi kumvuta matopeni, aliongeza urefu wa yule samaki kila mwaka, nami nilimwacha aendelee, maana rafiki ambaye hana uongo hata mmoja anachosha.

Alikuwa akija Musoma kwa semina za makatekista na kulala kwangu Bweri, katika nyumba yangu ambayo haijawahi kuisha. Semina ikimalizika mapema tulipanda bodaboda hadi Mukendo, kwenye kibanda kimoja cha video, kutazama sinema za mashujaa: wale wanaovaa nguo za kubana na joho, wanaotoka kwenye vitabu vya katuni vya Wazungu, wanaookoa miji kwa kuibomoa. Nilidhani atachukia. Alizipenda kama mtoto. Alikaa mbele kabisa, miguu pamoja, mikono magotini, kama yuko kwenye mkesha.

Alichochukia ni kompyuta. Shujaa akipigana kwa mikono yake alinong'ona, "Ndiyo, baba, ndiyo." Shujaa akipaa angani na kugeuka mara kumi kama jani, aliegemea nyuma na kusema kwa sauti ya watu wote, "Ameondoka huyo. Hapo hakuna mtu."

"Mzee, kaa kimya tuangalie!" vijana walipiga kelele.

"Nyinyi angalieni. Mimi nasubiri arudi."

Alikuwa na kipimo chake. Alisema mtu wa kweli ana uzito, na uzito unaonekana kabla hajaruka, kwenye magoti. Kiumbe cha kompyuta hakikunji magoti, kinaondoka tu kama kimeitwa. Ilikuwa nadharia nzuri, na mara nyingi ilimdanganya. Kuna siku aliapa kwamba zimwi moja lenye urefu wa ghorofa lilikuwa mtu halisi aliyepakwa rangi, "maana linahema," na papo hapo akasema mwanamke aliyekuwa akimlilia mumewe ni wa kompyuta, kwa sababu machozi yalishuka yakiwa yamenyooka mno. Nilimweleza kwamba mambo yako kinyume. Alinitazama kwa huruma.

"Wewe umeshawahi kumwona mjane anayelia hivyo? Mimi nimezika watu wengi, Mwandishi."

Sasa nije kwa Kamongo. Miaka kadhaa nyuma niliandika hadithi ya katuni kuhusu shujaa wa kwetu. Nilichoka na mashujaa wa kutoka sayari za mbali. Wangu alikuwa Kamongo, mtu aliyelala matopeni ziwa lilipokauka, kama yule samaki anavyofanya, na kuamka mvua iliponyesha akiwa na nguvu za kutosha kuwatisha wezi wa nyavu na viongozi wa kijiji. Kijitabu kilichapwa, kikauzwa stendi, kikafungiwa karanga. Kisha kijana mmoja wa Bunda, mpiga picha za harusi aliyejifunza mwenyewe kutengeneza sinema kwenye kompyuta, akaja nyumbani na kuniambia tufanye filamu. Watu walimwita Edita. Alikuwa na kamera, kompyuta yenye feni inayonguruma, na ukuta mzima alioupaka rangi ya kijani, ambao kompyuta huugeuza kuwa mahali popote.

"Usoni atavaa kinyago," alisema. "Tunahitaji mwili tu."

Nilijua mwili wa nani.

Kikwazo kilikuwa mke wa Katekista, Mama Skola, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambaye hakuwahi kurudia neno. Ijumaa Kuu moja Katekista alianguka ile mara ya tatu, jiwe likamwingia gotini, na msimu mzima wa palizi alilima akiwa amekaa kwenye kigoda. Mama Skola alimpeleka mbele ya Padre, naye Katekista akaapa: hataanguka tena kwa ajili ya kutazamwa na watu. Msalaba ukapewa mwingine, ambaye mpaka leo anachungulia chini kabla ya kuanguka.

Kwa hiyo nilipofika kwao kuomba, nilianza na Mama Skola. Alikuwa akichambua maharage kwenye ungo.

"Shemeji, huyu unamjua. Mkimpandisha juu ya kitu, atajitupa."

"Mama Skola, sinema za siku hizi haruki mtu. Inaruka kompyuta. Yeye atasimama tu na nguo."

"Atasimama."

"Atasimama. Au atalala kwenye stuli, tumbo chini, mbele ya ukuta wa kijani, apunge mikono. Mengine ni ya kompyuta."

Alinitazama mpaka akanitoa jasho, kisha akamgeukia mumewe. "Baba Skola, umesikia? Kiapo chako kiko palepale."

"Nimesikia," alisema Katekista.

Niliyasema yale nikiwa naamini nusu. Ile nusu ya pili nilimwachia Mungu, kama tunavyofanya tuliosoma tunapotaka kitu.

Jaribio la stuli lilifanyika Bunda na lilidumu muda wa kikombe cha chai. Katekista alilala tumbo chini akiwa amevaa nguo ya Kamongo, iliyoshonwa na fundi wa Mwisenge kwa bitana inayong'aa na vipande vya tyubu za baiskeli. Edita alimwambia apunge mikono kama anapaa juu ya ziwa. Alipunga mara mbili, akasimama, akavua kinyago.

"Mimi siogelei hewani."

"Mzee, ndivyo wanavyofanyaga hata Wazungu," Edita alisema. "Wanalala hivyohivyo."

"Ndiyo maana wanakosa uzito. Mwandishi, nipeleke kwenye mwamba, niruke kweli."

Ningeweza kukataa. Nilitazama ile stuli, nikatazama mbavu zake zilizochomoza kwenye zile tyubu, nikaona jinsi filamu yangu itakavyochekwa, nikasema twende tukaangalie mwamba, kuangalia hakuvunji kiapo.

Tulikwenda hadi ufukweni Musoma, upande wa Mwisenge, kwenye mawe makubwa yaliyokaa moja karibu na jingine kama ng'ombe waliolala. Katekista aliruka kutoka jiwe moja kwenda la pili, kamera ya Edita ikiwa imewashwa. Sitaueleza mruko wenyewe hapa, kwa sababu kwa muda mrefu nilikuwa nikiusimulia vibaya. Itoshe kusema hakufika vizuri. Bega la kulia lilichomoka. Hospitalini walilirudisha, wakaufunga mkono na kuuning'iniza shingoni, wakamwambia mkono huo hautapanda tena juu ya kichwa kama zamani.

"Mama Skola asijue," alisema tukiwa kwenye benchi nje.

"Tutamwambiaje?"

"Hatutamwambia kitu. Atauliza, nitasema nilianguka. Si nilianguka?"

Basi la Butiama likamchukua. Kituoni alimkuta Magesa, baba wa watoto wawili, mtu mpole anayeendesha bodaboda kana kwamba amebeba mayai, na Magesa akamfikisha mlangoni kwake. Mama Skola alitoka nje akakuta mambo mawili kwa pamoja: mume mwenye mkono shingoni, na pikipiki.

"Imekuwaje?"

"Nilianguka," alisema Katekista.

Basi. Mama Skola alimgeukia Magesa, na ingawa alisema kwa sauti ileile ya chini, jirani wa pili alisikia. Kabla ya Jumapili kigango kizima kilijua kwamba Magesa amemwangusha Katekista. Kina mama waliacha kupanda pikipiki yake. Waliokwenda mnadani walimpita pale kwenye makutano amekaa juu ya tenki, wakapanda ya mwenzake. Mtoto wake wa pili alikuwa abatizwe Pasaka, na mwanamke aliyekubali kuwa msimamizi akasema ameghairi.

Nanyi mtauliza: Magesa mwenyewe hakujitetea? Alijitetea kwa siku chache, kwamba alimpakia mkono ukiwa tayari umefungwa. Halafu akaanza kufikiri. Mtu mwaminifu ukimlaumu sana ataanza kukusaidia kutafuta ushahidi. Alikumbuka kwamba pale kwenye kalavati, kile kidaraja cha mfereji, kuna shimo, na pikipiki ilidunda kidogo. Labda bega lilikuwa limelegea, na yeye ndiye aliyelimaliza. Siku niliyokwenda kumjulia hali Katekista, nilimkuta Magesa uani, ameshika kuku kwa miguu.

"Shikamoo, Katekista. Nimekuja kwa lile jambo. Pale kalavati nilitakiwa nipunguze mwendo. Nisamehe, mzee wangu."

Katekista alifungua mdomo. Mama Skola alikuwa amesimama mlangoni. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wageni, mtu wa pili uani pale aliyejua ukweli, tena mwenye ulimi mwepesi, na hata shahada haikunisaidia.

"Yamekwisha, mwanangu," Katekista alisema.

Kuku alichinjwa. Magesa alikataa kukaa kula, akaondoka. Katekista alimega ugali akautazama mpaka ukapoa mkononi. Mimi nilikula paja. Siwezi kueleza kwa nini. Lilikuwa mbele yangu, na kulikataa kungezua maswali. Hivyo nilijiambia, nikitafuna.

Wakati huo Bunda, jambo lingine lilikuwa linatokea. Edita aliniita kuangalia kazi. Alinionyesha Kamongo akipaa kutoka jiwe la kwanza, akizunguka hewani, maji yakimtoka mgongoni kama shanga, akitua jiwe la pili kwa goti moja na jiwe likipasuka. Ilikuwa nzuri. Lazima niseme ilikuwa nzuri, nilipiga kofi kwenye paja langu.

"Na ile ya Katekista?" niliuliza.

"Nimetoa. Haikuwa inaonekana kweli."

"Ni ya kweli, bwana. Aliteguka bega pale."

"Najua, nilikuwepo. Ila ukiangalia, anaonekana kama mtu anayeanguka."

"Alikuwa mtu anayeanguka."

"Ee, sasa. Shujaa hawezi kuanguka kama mtu."

Nilisikia raha ikiniingia polepole. Kama mruko ni wa kompyuta, basi nilichomwambia Mama Skola kilikuwa kweli. Sikuwa mwongo, nilikuwa mtu aliyesema ukweli mapema kidogo. Nilirudi Musoma nikiwa mwepesi, nikapitia Mwisenge kununua samaki.

Onyesho la kwanza tulilifanya Butiama, mchana, kwenye ukumbi tuliofunika madirisha kwa mablanketi. Kigango kizima kilikuja. Katekista alikaa mstari wa mbele, miguu pamoja, mkono mzima gotini, na mkewe kushoto kwake. Nilikaa upande wa pili. Sikuwa nimemwambia Katekista kuhusu mruko wake. Nilikuwa nimepanga kumwambia njiani, kisha mlangoni, kisha filamu ikaanza.

Kamongo alitoka matopeni. Watu wakacheka, wakamtambua kwa mwendo: "Katekista huyo! Angalia miguu!" Akatembea ufukweni, akapanda jiwe, na kwa muda mfupi alikuwa yeye kabisa, kifua kikipanda na kushuka chini ya zile tyubu. Kisha akaondoka kama ameitwa. Ukumbi ulilipuka. Walisimama, walipiga vigelegele, mtu mmoja alirusha kofia.

Katekista hakupiga makofi. Aliinama kwangu.

"Yangu iko wapi?"

"Imekatwa."

"Kwa nini?"

"Edita anasema haikuonekana kama kweli."

"Haikuonekana kama kweli," alirudia taratibu, kama mtu anayejifunza sala ya lugha nyingine.

Mama Skola ndiye aliyemaliza. Waliokaa nyuma walikuwa wanamuuliza mumewe kama hakuogopa kule juu, naye akageuka akawajibu kwa niaba yake, na ilikuwa mara ya kwanza mimi kumsikia akipaza sauti. "Yule ni kompyuta! Mume wangu ameapa, na hajaruka. Shemeji huyu hapa ni shahidi." Uso wake ulikuwa unang'aa. Alikuwa anajivunia mume anayetunza kiapo. Magesa alikuwa amesimama peke yake karibu na mlango, na watu walipotoka walipita mbali naye.

Nilitikisa kichwa kukubali. Mimi ndiye shahidi.

Baada ya hapo Katekista hakunipigia simu kwa muda mrefu. Nilisikia kwamba siku hizi hafundishi kwa kusimama, kama mtu anayeona aibu kutazamwa, na kwamba kwenye ibada humwomba mwingine anyanyue kile kitabu cha Injili kwa sababu mkono haupandi. Nilisikia Mama Skola humkanda bega kila asubuhi kwa maji ya moto na majani, huku akimlaani kwa adabu mwenye pikipiki. Nilifikiria kwenda. Nilifikiria vizuri sana. Nina kipaji hicho.

Halafu akapiga.

"Mwandishi, ile picha yangu ya kwanza bado ipo?"

"Nitamuuliza Edita."

"Muulize. Uje nayo. Usije na ile nyingine."

Edita alikuwa nayo, hakuwa amefuta chochote, akaniwekea kwenye kadi bila kuuliza. Niliichomeka kwenye kompyuta yangu ndogo na kupanda basi bila kuitazama. Nilidhani naijua.

Nilimkuta amekaa sebuleni na lile shati jeupe. Mama Skola alikuwa kwenye kochi, na mbele yake, ukingoni mwa kiti kabisa, kofia ikiwa mapajani, Magesa.

"Nimewaita mtazame kitu," Katekista alisema. "Sitaki kueleza. Nikieleza nitajipendelea."

Niliweka kompyuta juu ya meza, juu ya kitambaa cha kufuma, nikabonyeza.

Jiwe. Ziwa nyuma yake. Mtu aliyevaa bitana na tyubu anapanda, anafanya ishara ya msalaba ingawa nilimkataza, nilimwambia Kamongo si Mkatoliki. Anakunja magoti. Anaruka. Hapana urembo wowote katika kuruka kule: miguu inatawanyika kama ya chura, mikono inapapasa hewa, kifua kinagonga ukingo wa jiwe la pili, mkono mmoja unashika, unateleza, anashuka kwenye mchanga na mawe madogo.

"Hii sasa ndiyo ya kompyuta," Magesa alisema, akicheka kidogo kwa heshima. "Wameikosea."

Hapo sauti ikaja. Katika filamu kulikuwa na muziki. Hapa kulikuwa na upepo, kisha mtu anayelia. "Mama Skola! Mama Skola weee!"

Magesa aliacha kucheka. Mama Skola hakusogea. Alikuwa ameweka kiganja chake juu ya goti, na vidole vilikuwa vimesimama.

"Rudisha," aliniambia.

Nilirudisha. Akapanda, akaruka, akaanguka, akamwita. Na safari hii, kwa kuwa wote tulikuwa tumeshajua kilio kinakuja, tulisikia kilichofuata. Picha ilikuwa imeanza kuinama, Edita akitaka kuweka kamera chini akimbie, na karibu kabisa na kipaza sauti mtu mwingine akasema kwa furaha, "Usizime! Usizime, hiyo ni nzuri sana!"

Siku zote nilijisimulia kwamba mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumfikia pale mchangani. Nilikuwa nimeshawasimulia watu, na mara moja niliandika hivyo.

"Hiyo sauti ni ya nani?" Mama Skola aliuliza. Hakuwa anauliza.

"Ni yangu."

Alimtazama mumewe, ambaye alikuwa ametazama sakafu.

"Kwa hiyo uliapa, ukaruka."

"Niliruka."

"Na huyu baba wa watu?" Alionyesha kwa kidevu. "Kuku wake tumekula."

"Tumekula."

Magesa alikuwa amesimama, kofia mikononi, macho yakiruka kutoka kwa mmoja hadi mwingine. "Kwa hiyo si kalavati?" aliuliza. "Mzee, nimekuwaga nashuka pale nasukuma pikipiki kwa mkono. Abiria wananicheka. Kwa hiyo si kalavati?"

"Si kalavati, mwanangu," Katekista alisema. "Nisamehe. Jumapili nitasema mbele ya watu, niweze kusimama nisiweze."

"Jumapili ni mbali," alisema Mama Skola.

Aliinuka, akaingia ndani, akatoka amejifunga kitenge chake cha kanisani na kapu mkononi. Hakupita kwangu wala kwa mumewe. "Magesa, pikipiki ina mafuta? Nipeleke sokoni. Upitie barabara ya shuleni, halafu kwenye makutano, halafu kanisani. Na usikimbie, nataka waniangalie."

Tulisikia pikipiki ikiwaka. Kupitia dirishani nilimwona amekaa upande, mgongo umenyooka, mkono mmoja umemshika Magesa begani mbele ya macho ya kila mtu, na jirani wa pili ametoka nje na kikombe chake. Mlio ulikwenda taratibu sana hadi ukapotea.

Tulibaki wawili. Nilitaka kusema kitu na nilikuwa na maneno mengi, yote mazuri. Nilinyoosha mkono nifunge kompyuta.

"Subiri," Katekista alisema. Alisogeza kiti karibu na meza. Alikuwa na aibu, lakini kulikuwa na kitu kingine tena, kitu cha kule Mukendo. "Umeona magoti lakini? Kabla sijaondoka?"

"Nimeona."

"Yalikunjika."

"Yalikunjika vizuri."

"Weka tena."

Niliweka. Alijitazama akipanda jiwe, akivuta pumzi, akiruka, miguu ile ya chura, na midomo yake ikacheza, "Ndiyo, baba, ndiyo." Alipogonga ukingo alifumba macho. Na mkono wa kwenye picha ulipoanza kuteleza, kabla ya kilio na kabla ya ile sauti yangu, alinyoosha mkono wake mzima, akatafuta kitufe, akapunguza sauti yote.